Kinu cha Mtaani: Habari za Unga katika Eastlands ya Nairobi

Mtu apitaye jioni katika vichochoro vya Majengo, Dandora au Kayole, upande wa mashariki wa Nairobi, husikia mvumo wa mashine kabla ya kuona nyumba ilimo mashine hiyo. Akikaribia ataona chumba kidogo cha mabati, mlango umejaa vumbi jeupe, na watu kadhaa wamepanga mistari wakiwa na mifuko na ndoo. Baadhi yao ni watoto waliotumwa na mama zao. Kila mmoja amebeba mahindi yake, wengine debe zima, wengine kipimo kimoja tu cha kutosha chakula cha usiku. Hicho ndicho kinu cha posho, na watu hao wanangoja zamu ya kusagiwa.

Jambo hili huonekana dogo, na wengi hulipita bila kulifikiri. Walakini nyuma ya chumba kile iko historia ya zaidi ya miaka 100, nayo ni historia ya swali moja: katika mji wa Nairobi, ni nani aliyeruhusiwa kusaga? Mwenye nafaka aghalabu hupata faida kidogo. Aliye na uwezo wa kuigeuza nafaka ikawa unga, maziwa yakawa mtindi, au samaki akawa kitoweo, ndiye apataye faida ya pili na ya tatu. Kazi hiyo ya kukigeuza chakula kibichi kiwe tayari kwa kupikwa, kuliwa au kuwekwa akiba, huitwa kusindika. Basi anayeulizia nafasi ya Mwafrika katika biashara ya kusindika chakula yafaa aanze kwa kuuliza habari za kinu.

Zamani, kabla ya reli, kila nyumba ilikuwa na kiwanda chake. Mtama, wimbi na mawele vilitwangwa kwa kinu na mchi, au vikasagwa juu ya jiwe. Mahindi yenyewe yalitoka Amerika, yakaletwa pwani yetu katika zama za Wareno, lakini bara yalichukua muda mrefu kabla ya kuwa chakula kikuu. Wakamba waliyakoboa kwa kuyatwanga, wakapata muthokoi. Wakikuyu waliyachemsha pamoja na maharagwe, wakapata githeri. Kazi hii ilikuwa ya wanawake, nayo haikulipwa, kwa kuwa hakuna aliyeihesabu kuwa biashara.

Neno posho lina habari yake. Maana yake ya asili ni chakula cha siku apewacho mpagazi, askari au mfanyakazi. Wapagazi wa misafara walipewa posho. Vibarua wa reli vilevile. Reli ilipofika mahali palipoitwa Nairobi mwaka 1899, na mji ukaanza kuota juu ya kinamasi, kawaida hiyo ilikuja nayo. Mwajiri alimpa mtu wake mshahara wa fedha kidogo, na juu yake ratili 2 hivi za unga wa mahindi kwa siku. Hivyo unga wa mahindi ukaitwa posho, na mashine iliyousaga ikaitwa kinu cha posho. Tangu mwanzo, basi, unga wa mjini ulikuwa unga aliochaguliwa mtu na mwajiri wake, wala si unga aliojichagulia.

Biashara ya kusaga kwa mashine ilianza mikononi mwa walowezi. Mwaka 1908 Lord Delamere alianzisha kampuni ya Unga Limited, kwanza kwa ajili ya kusaga ngano. Mwaka 1923 wakulima Wazungu wakaunda chama chao cha Kenya Farmers' Association, kilichonunua na kuuza mahindi yao. Hata hivyo si kweli kwamba Waafrika walikaa wakitazama. Katika miaka ya 1920 na 1930, huko Nyanza na katika nchi ya Wakikuyu, watu walichangishana fedha, wakachimba mifereji, wakajenga vinu vilivyozungushwa na maji ya mito. Wengine walikuwa wakulima, wengine walimu na waashi waliosoma katika misheni. Vinu hivyo vilisaga kwa ajili ya majirani, na unga mwingine ukauzwa. Kwa hiyo moyo wa biashara haukukosekana. Kilichokosekana kilikuwa kitu kingine, nasi tutakiona hivi punde.

Kabla ya hapo yafaa tukumbuke jinsi unga mbaya ulivyoweza kuua. Katika Vita Kuu vya mwaka 1914 hadi 1918, Waingereza waliwakusanya Waafrika kwa maelfu mengi wawe wapagazi wa jeshi, na mwaka 1917 kukawa na msako mkubwa wa kuwalazimisha. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na kambi yao ya Nairobi ndiyo iliyoupa jina mtaa wa Kariokor. Wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, na wengi wao hawakupigwa risasi. Waliuawa na maradhi, hasa ya tumbo. Sababu moja ilikuwa posho: unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wenye chenga ngumu, uliopikwa haraka kwa kuni haba na kulishwa watu ambao wengine wao hawakuyazoea mahindi. Jina la Kariokor latukumbusha kwamba kusaga vizuri si anasa. Ni jambo la uhai.

Baada ya vita, Serikali ya mji iliamua kuwaweka Waafrika mahali pamoja upande wa mashariki. Mapema katika miaka ya 1920 ikaanzishwa Pumwani, ambayo wenyeji waliiita Majengo. Kijiji cha zamani cha Pangani kilibaki kwa muda, kisha kikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenye nyumba wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Katika vijiji hivyo wanawake walipika mandazi, maharagwe na uji wakawauzia wafanyakazi. Wengine walitengeneza pombe ya unga wa mahindi na wimbi, na fedha walizopata ziliwawezesha kujenga nyumba.

Hapo ndipo twaiona sheria ikiingia jikoni. Baraza la Mji lilijipatia haki ya kutengeneza na kuuza pombe ya kienyeji peke yake, katika kilabu chake cha Pumwani. Mwanamke aliyeendelea kutengeneza nyumbani alikuwa mhalifu. Alikamatwa, akatozwa faini, mapipa yake yakamwagwa. Mapato ya kilabu yaliingia katika mfuko wa Baraza uliotumiwa kwa mambo ya Waafrika. Mtu aweza kusema kwamba pombe ina madhara, na kwamba ilikuwa haki kuizuia. Lakini pombe haikuzuiwa; ilibadilishiwa mwenyewe. Ufundi ulikuwa wa wanawake wa Pumwani, na faida ikawa ya Baraza. Mfano huu utatusaidia kuyaelewa yaliyofuata katika biashara ya unga.

Mitaa ikaongezeka: Ziwani, Starehe, Kaloleni, Bahati, Makongeni ya watu wa reli, kisha Mbotela, Ofafa na Jericho. Vyumba vingi vilijengwa kwa ajili ya mwanamume mmoja, au wanaume kadhaa waliolala pamoja, kwa maana Serikali ya kikoloni ilifikiri kwamba Mwafrika yu mjini kwa muda tu na kwamba familia yake iko shambani. Kamati ya Carpenter, iliyotoa taarifa yake mwaka 1954, ilikiri kwamba mshahara wa mfanyakazi Mwafrika ulihesabiwa kwa mahitaji ya mtu asiye na mke wala mtoto. Katika chumba kama hicho hapakuwa na mahali pa kuweka kinu na mchi, wala ghala la mahindi, wala saa za kutwanga. Mtu alirudi kazini jioni akanunua unga ulio tayari, akasonga ugali juu ya jiko la makaa. Mji wenyewe, kwa namna ulivyojengwa, ulimfanya mkaaji wa Eastlands kuwa mnunuzi wa unga.

Sasa tutazame kile kilichokosekana. Mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Serikali iliweka mamlaka juu ya biashara yote ya mahindi. Mahindi yaliuzwa kwa bei iliyopangwa, kupitia mawakala waliowekwa, na mkulima Mzungu alilipwa bei iliyo bora kuliko ya mkulima Mwafrika. Mwaka uliofuata, 1943, nchi ilipatwa na njaa kubwa, hata ikaundwa tume ya kuchunguza upungufu wa chakula. Vita viliisha, lakini mpango ule haukuisha. Kenya ilipopata Uhuru mwaka 1963 iliurithi, ikaona kwamba una manufaa: Serikali ingeweza kumhakikishia mkulima bei na kumhakikishia mtu wa mjini unga. Bodi zilibadilika majina, na mwaka 1979 ikaundwa bodi moja ya kitaifa ya nafaka na mazao.

Chini ya mpango huo mtu hakuweza kuchukua mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine apendavyo. Alihitaji kibali, na barabarani palikuwa na vizuizi vya polisi. Bodi ndiyo iliyonunua, na bodi ndiyo iliyoviuzia viwanda vikubwa vilivyosajiliwa. Viwanda hivyo vilisaga unga mweupe laini, vikaufunga katika pakiti, na Serikali ikapanga bei yake. Fikiri, basi, hali ya mtu wa Makadara au Jericho aliyekuwa na akiba ya kutosha kununua mashine ndogo. Mashine angeipata, umeme angeupata, majirani wenye njaa walikuwapo. Mahindi hakuwa nayo, maana hayakuruhusiwa kumfikia. Kinu bila nafaka ni kama mtumbwi nchi kavu.

Haitupasi kusema kwamba Serikali ya Uhuru haikuwajali wafanyabiashara Waafrika. Mwaka 1967 ilipitisha sheria ya leseni za biashara iliyowapa raia nafasi katika maduka na miji, na mwaka huohuo ikaanzishwa kampuni ya Kenya Industrial Estates ya kuwasaidia wenye viwanda vidogo kwa majengo na mikopo. Lakini misaada hiyo iliwafikia wale waliokwisha kujulikana katika ofisi. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walitoa taarifa mashuhuri kuhusu ajira nchini Kenya. Walisema kwamba mafundi na wachuuzi wasio na leseni, wale ambao vibanda vyao vilibomolewa mara kwa mara, hawakuwa wavivu wala wahuni. Walikuwa wakitengeneza vitu vyenye manufaa kwa mtaji mdogo, nao walizuiwa na sheria kuliko kukosa ujuzi. Baadaye watu hao wakaitwa jua kali, kwa sababu walifanya kazi bila paa. Kamukunji, pembeni mwa Gikomba, ndipo penye mafundi wao mashuhuri wa majiko, masufuria na makarai; na hapana jikoni katika Eastlands pasipo na kazi ya mikono yao.

Udhaifu wa kutegemea mlango mmoja ulionekana mwaka 1984, mvua ziliposhindwa. Serikali iliagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, na watu wa Nairobi waliozoea ugali mweupe wakayala kwa kunung'unika. Njaa kubwa ilizuiwa, na jambo hilo lastahili sifa. Lakini kila mtu aliona kwamba mji mzima ulikula kile tu kilichopitia ghala moja.

Mwishoni mwa mwaka 1993 mpango ule uliondolewa. Vizuizi vya kusafirisha mahindi vikafutwa, na bei ya unga ikaachwa sokoni. Wengi waliogopa. Walisema kwamba ruzuku ikiondoka na pakiti ikipanda bei, maskini wa mjini watakufa njaa. Pakiti ilipanda kweli. Walakini lilitokea jambo ambalo wataalamu wachache walilitarajia. Malori yalileta magunia hadi Nyamakima na masoko ya mitaani, wanawake wakayapima mahindi kwa mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo 2 uitwao gorogoro, na vinu vya posho vikaenea katika mitaa. Mtu alinunua gorogoro yake, akaipeleka kwenye mashine, akalipa shilingi chache, akarudi nyumbani na unga kwa bei iliyo chini ya bei ya pakiti. Haukupita muda mrefu unga wa posho ukawa sehemu kubwa ya chakula cha maskini wa Nairobi.

Kwa nini unga huo ulikuwa rahisi? Hapa yamo maarifa yamfaayo kila anayetaka kufanya biashara. Kwanza, kinu cha mtaani hakina gharama ya pakiti, ya matangazo, wala ya kusafirisha unga kutoka kiwandani hadi dukani. Pili, hakipotezi. Kiwanda kikubwa huondoa ganda na kiini cha punje ili unga uwe mweupe, na katika gunia la kilo 90 hata robo ya uzito yaweza kuondoka, ikauzwa kuwa chakula cha mifugo. Kinu cha posho hupondaponda punje nzima kwa nyundo ndogo za chuma zinazozunguka kwa kasi ndani ya chungio, na karibu yote yaingiayo hutoka kuwa unga. Tatu, na hili ndilo kubwa, kinu humhudumia mtu kwa kipimo chake. Mwenye shilingi za leo hununua chakula cha leo. Wakenya wameupa uchumi huu jina la kadogo, na wahenga waliujua kabla yetu waliposema kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Unga wa posho una manufaa mengine kwa mwili. Katika kiini cha mahindi mna mafuta na vitamini, na katika ganda mna nyuzinyuzi. Unga mweupe hupoteza sehemu kubwa ya hivyo. Wenzetu wa Tanzania hutofautisha vizuri kwa majina: ule uliokobolewa ni sembe, na ule wa punje nzima ni dona. Kwa miaka mingi watu wa mjini waliudharau unga wa punje nzima, wakidhani kwamba weupe ni alama ya maendeleo, kumbe walikuwa wakilipa zaidi ili wapate pungufu.

Lakini mwandishi wa historia hapaswi kuwa wakili wa upande mmoja. Yale mafuta ya kiini yanayoutia unga nguvu ndiyo yanayouharibu upesi. Unga wa posho huchacha ukiwekwa muda mrefu, na unga wa pakiti hudumu rafuni. Tena kuachwa kwa bei sokoni kulimwondolea mtu wa mjini ngao. Mahindi yakiadimika, gorogoro hupanda siku hiyohiyo. Mwaka 2017, baada ya ukame, Serikali ilirudisha ruzuku, pakiti ya kilo 2 ikauzwa kwa shilingi 90. Na Julai 2022 ikafanya hivyo tena kwa muda mfupi, kwa shilingi 100. Nafuu hiyo iliandikwa juu ya pakiti, hata ikaonekana kana kwamba watu hawali unga mwingine wowote.

Habari za maziwa zafanana na hizi. Chama cha Kenya Co-operative Creameries kilianzishwa na walowezi mwaka 1925, na kwa miongo mingi kilikuwa na haki ya peke yake ya kuuza maziwa yaliyosindikwa mijini. Biashara hiyo ilifunguliwa mwaka 1992. Kwanza yalienea maziwa mabichi yaliyobebwa kwa mitungi, na pamoja nayo hofu ya maradhi. Kisha, katika miaka ya 2010, zikaja mashine za kumimina maziwa yaliyokwisha kuchemshwa na kupozwa, ambazo watu waliziita ATM za maziwa. Mnunuzi huja na chupa yake, hutia fedha aliyo nayo, hupata maziwa ya thamani hiyo. Msomaji ataona kwamba hiyo ni gorogoro kwa umbo jingine.

Hata jikoni mambo ni yaleyale. Githeri huchukua saa nyingi motoni, na makaa ya kuchemshia sufuria moja yaweza kuzidi bei ya maharagwe yaliyomo; kwa hiyo mama achemshaye pipa zima na kuwauzia majirani kwa kikombe huwaokolea wote gharama ya moto. Gikomba, samaki wa Ziwa Viktoria hufika usiku na kukaangwa. Viwanda vya samaki vilipoanza kupeleka minofu ya sangara Ulaya, mifupa iliyobaki na kichwa chake ikawa kitoweo kilichokaangwa mitaani, na watu wakakiita mgongo wazi. Jina hilo lina mzaha na uchungu pamoja: nyama ilikwenda ng'ambo, na mgongo ukaja Eastlands. Hata hivyo aliyebuni kuukaanga mgongo huo aliisomesha familia kwa kitu ambacho wengine walikitupa.

Sasa twafika kwenye jambo gumu kuliko yote. Mwaka 2004, hasa katika wilaya za Ukambani, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu. Kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haionekani kwa macho, haina harufu, wala haiondolewi kwa kupika. Ikila mtu kidogo kidogo kwa miaka huweza kumletea saratani ya ini. Huanzia shambani na kuzidi ghalani, mahindi yakiwekwa kabla ya kukauka. Kanuni za Afrika Mashariki zataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na sumu hiyo isizidi mikrogramu 10 katika kilo moja. Mwenye kinu cha posho husaga alicholetewa. Hajui kilitoka wapi, wala hana kipimo. Je, basi tukimbilie pakiti? Novemba 2019 shirika la kupima ubora wa bidhaa nchini lilipiga marufuku aina 5 za unga wa pakiti kwa sababu ya sumu hiyohiyo. Ukubwa wa kiwanda si dhamana ya usafi. Dhamana ni kupima.

Mwaka 2012 Kenya iliamuru kwamba unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani utiwe vitamini na madini, kama chuma, yapunguzayo ukosefu wa damu kwa akina mama na watoto. Ni sheria njema. Lakini kwa kuwa ni vigumu kuifuata katika kinu kidogo, manufaa yake humpita mtoto anayekula unga wa posho, ambaye ndiye anayeyahitaji zaidi. Nchini Tanzania vimejaribiwa vifaa vidogo vifungwavyo juu ya mashine za kawaida, vikapima wenyewe kiasi cha virutubishi kulingana na uzito wa nafaka. Jambo hilo lafundisha kwamba kidogo si lazima kiwe duni.

Hapa, kwa maoni yangu, ndipo ilipo nafasi ya mfanyabiashara kijana wa Eastlands. Zamani alizuiwa na sheria ya kusafirisha nafaka. Sheria hiyo haipo tena. Leo anazuiwa na kutoaminika. Mwenye kinu akinunua kipimo cha unyevu, au wenye vinu watano wa mtaa mmoja wakichangiana kukinunua kama walivyochangiana wale wajenzi wa vinu vya maji, ataweza kumwambia mteja wake, "Mahindi haya ni mabichi bado, yaanike kwanza." Neno hilo moja litamletea wateja kuliko tangazo. Akichanganya wimbi, mtama, soya na dagaa, atapata unga wa uji wa watoto, ambao mama wa Umoja au Kayole hununua kila juma. Zipo taasisi za kumsaidia: Shirika la Viwango, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1974, na taasisi ya taifa ya utafiti wa viwanda, iliyoanzishwa mwaka 1979, zote zikiwa Nairobi. Tena iko sheria ya mwaka 2012 inayozitambua biashara ndogo sana na ndogo. Aliyebomolewa kibanda katika miaka ya 1970 hakuwa na hata moja ya hizo upande wake.

Lakini yafaa vijana wakumbuke mpangilio wa mambo tuliyoyaona. Ufundi wa kupika, kusaga na kukaanga haukukosekana Pumwani hata siku moja. Wanawake walikuwa nao mwaka 1922 kama walivyo nao leo. Kilichobadilika kila mara ni nani aliyeshika haki ya kuutumia na kupata faida yake: mwajiri kwa posho, Baraza kwa kilabu, bodi kwa kibali, kiwanda kwa pakiti. Haki hiyo ilirudi mtaani mwaka 1993, na mtaa ukaonyesha kwamba waweza kujilisha. Yaweza kuondoka tena, safari hii bila polisi barabarani, ikiwa watu watapata sababu ya kuuogopa unga wa kinu chao.

Basi yule mtoto aliyesimama mlangoni na mfuko wake wa mahindi hangoji unga peke yake. Angoja kuona kama mwenye mashine ataitazama punje kabla ya kuimwaga.